Mabapa Niliyoyatoa Kwenye Springi

Chanji, Sumbawanga
Jioni, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Sabina,

Asubuhi uliniamkia shikamoo, nikakuitikia marahaba, na hayo ndiyo maneno yote tuliyosemezana leo. Jana ilikuwa hivyo hivyo. Sasa umekwenda kumuaga bibi yako, na mimi nimekaa nyuma ya Landrova ya Mzee Salumu, hapa uani, karatasi nimeiweka juu ya debe. Mikono yangu ina grisi, kwa hiyo usishangae ukiiona barua imechafuka. Nikimaliza nitampa shangazi yako akukabidhi ukirudi, uisome kabla hujalala.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kufunga sanduku, wala za kutembea na nani na kutotembea na nani. Hayo shangazi yako ameyasema tangu Jumapili mpaka sauti imemkauka. Mimi nina jambo moja tu. Kesho alfajiri gari hili linakwenda Mbeya, na wewe umemwambia shangazi yako kwamba hulipandi, utasubiri lori. Lori gani, mwanangu? Dizeli hakuna mji mzima; hili letu ni la petroli, nayo Mzee Salumu ameiweka akiba. Basi la mwisho kufika hapa hata sikumbuki lilifika lini. Chuo cha ualimu kimeandika kwamba atakayechelewa siku ya kufungua, nafasi yake atapewa mwingine, na katika darasa lenu zima nafasi hiyo umeipata wewe peke yako. Ukikaa kusubiri lori utakuwa mwalimu wa kuku wa shangazi yako hapa hapa Chanji.

Kwa nini hulitaki gari, najua. Hukuniambia mimi. Ulimwambia mama yako mdogo wakati wa matanga ya mama yako, na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta napasua kuni. Ulisema, "Gari la baba ni la magunia, si la watu. Mimi silipandi tena." Sikukasirika. Kusema kweli sikuhisi kitu chochote, niliendelea kupasua kuni. Tangu siku ya mazishi nimekufa ganzi, Sabina, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Watu wanasema Baba Sabina ni mwanamume, amejikaza. Sijajikaza mimi. Ndani hamna cha kukaza. Nakula nikiwekewa chakula, nisipowekewa sikumbuki.

Basi nikueleze habari za gari, kwa sababu nyingine siwezi kuzieleza.

Gari hili lilipokuja mikononi mwangu lilikuwa laini. Mzee Salumu alilinunua likiwa limekwisha tumiwa na wapima barabara, na ulikuwa ukiliendesha kwenye mashimo linakwenda likinesa, hata mtoto mgongoni haamki. Lakini ndipo watu walipohamia kwenye vijiji vya ujamaa, maduka ya ushirika yakawa yanakaa matupu, na kila mtu mwenye kitu cha kubadilishana anatafuta gari. Kule Muze bondeni kuna mpunga, huku juu kuna maharage na ulezi, na katikati kuna ule mlima. Nikawa najaza mpaka tako la gari linashuka na tairi linasugua bodi. Pale stendi wakanicheka. "Landrova ya Mzee Salumu leo imechuchumaa, imeshikwa na tumbo." Wewe unawajua watu wetu. Huku Ufipa gari linapimwa kwa tako. Likikaa tako juu hata likiwa limebeba, hilo ndilo gari, na dereva wake ndiye dereva.

Nikaamua kuliongezea nguvu. Springi, kama hukuwahi kuziangalia, ni mabapa ya chuma yaliyolaliana, marefu juu na mafupi chini. Milepa kulikuwa na mhunzi aliyekuwa na mabapa ya lori lililokufa, ameyaweka ayafanye majembe. Nikambembeleza mpaka akanipa. Akayatia motoni akayapunguza upana, mimi nikayatoboa, nikayapachika chini ya yale ya mwanzo, nikakaza. Gari likanyanyuka. Madereva wenzangu wakaja kulizunguka wakiinama chini na kutikisa vichwa kwa kusifu. Mama yako naye akaja na mtoto wa jirani mgongoni, akalitazama, akasema, "Sasa limebong'oa kama anayepalilia." Nilicheka siku nzima. Nilikuwa mtu wa kucheka, nadhani unakumbuka.

Kuna kitu kingine kinaitwa shokomzoba. Ni bomba lenye mafuta ndani, limesimama karibu na kila gurudumu, na kazi yake ni kuizuia springi isirukeruke. Springi inabeba, shokomzoba inaituliza. Za kwangu zilipoanza kuvuja sikuhangaika. Nilizifungua nikazitupa nyuma ya choo, ambako mpaka leo kuku wanatagia. Sisi madereva wa hapa tulikuwa tukiambiana kwamba shokomzoba ni urembo wa magari ya Dar es Salaam, gari la kazi halihitaji. Usilolijua ni usiku wa giza. Na kweli, gari likiwa na magunia lilikwenda vizuri tu, na magunia hayalalamiki.

Sasa nije kwenye siku ile ya Muze. Ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa nyuma na mimi mbele, kwa hiyo sijui kama tuliona kitu kimoja.

Wewe na mama mlikuwa mmeshuka kumsaidia mama yako mdogo kuvuna mpunga, shule ikiwa imefungwa. Mimi nikaja na gari kuchukua mzigo wa Mzee Salumu. Nilikuwa nimekwisha pakia, nafunga turubai, ulipokuja mbio kuniambia mama anaumwa tumbo na hawezi kusimama. Nilimkuta amejikunja kwenye mkeka, jasho linamtiririka, na yule mganga wa zahanati amesimama mlangoni anasema hana dawa ya hilo, apelekwe hospitali kubwa mjini. Ndipo nikafanya nililofanya. Nikafungua turubai, nikaanza kushusha magunia. Yote. Nilisema alale kwa nafasi, ajinyooshe, asibanwe na kitu. Wanaume wakanisaidia. Wanawake wa Muze wakasema kwa sauti, "Huyo ndiye mume. Ameacha mali ya tajiri chini kwa ajili ya mkewe." Nakuambia ukweli, pamoja na hofu niliyokuwa nayo, maneno yale yalinifurahisha. Nikatandika godoro sakafuni, ukakaa umempakata kichwa, tukaondoka.

Gari lililowekewa springi za kubeba tani, tena halina shokomzoba, ukilipeleka tupu ni mkokoteni. Halibonyei hata kidogo. Kila jiwe linapanda moja kwa moja mpaka kwa aliyelala juu yake, kisha gari linamrusha na kumpokea kwa ubao. Ule mpunga ungelikalisha gari chini. Hata nusu yake ingetosha, na yeye angelala juu ya magunia kama juu ya kitanda. Hilo si siri ya mafundi, Sabina. Kila dereva wa Sumbawanga anajua kwamba gari la springi ngumu likiwa tupu linapiga. Mimi mwenyewe nilikuwa nikishuka tupu kwenda Muze nimenyanyua makalio kwenye kiti. Lakini siku ile akili ilinituma nimwondolee mzigo mgonjwa wangu, nami nikamwondolea, na hakuna hata mmoja pale aliyesema bwana eeh, acha magunia kidogo. Wote walikuwa wananisifu.

Mlima tuliupanda nikiwa nasikia injini tu. Nilikuwa nikipiga kelele kwa kupitia kile kidirisha, "Vumilia, Mama Sabina, gari ni zima, tutafika." Kisha kwenye kona ile yenye mawe mekundu nikasikia bodi inagongwa. Nikasimama. Mama yako akaniambia kwa Kifipa kwamba anataka kushuka, afadhali miguu yake. Nikambishia. Akaniambia tena. Ukamshusha wewe, maana mimi nilikuwa nimeshika breki kwa mguu na kwa mkono, na kwenye mlima ule huwezi kuliacha gari. Mkatembea. Mimi nikatangulia polepole nikiwaangalia kwenye kioo, yeye amekuegemea, khanga imemlegea, anapiga hatua na kupumzika. Watu waliokuwa wanashuka na mizigo yao walisimama pembeni wakashangaa. Mmoja akanisogelea dirishani, akaniuliza, "Dereva, gari bovu?" Nikamjibu, "Hapana, ni zima."

Mlipofika juu kwenye tambarare alikubali kupanda tena. Yaliyofuata unayajua, wodi ile, na asubuhi ile. Daktari aliniita pembeni akasema utumbo ulikuwa umejisokota, na kwamba ulianza kabla, na kwamba hata angeletwa kwa ndege isingelikuwa rahisi. Nilikuambia hayo, ukatazama chini. Mimi namwamini daktari. Gari halikumuua mama yako. Lakini mara ya mwisho alipoiona njia na miti na watu, alikuwa anapigwa na gari nililolitengeneza mimi na kusifiwa, na hilo daktari hakuulizwa.

Ilipokuja barua yako ya chuo, shangazi yako alipiga vigelegele, na majirani wakaja. Mimi nilisimama mlangoni nikijua kwamba hapo mtu hufurahi. Niliiona furaha kama unavyoona mvua inanyesha ng'ambo. Usiku wake nikafikiri, huyu atakwenda na nini? Nikajua utakwenda na gari hili au hutakwenda.

Kesho yake nikamfuata Mzee Salumu dukani. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Naomba kupunguza springi."

"Upunguze?" Akaweka kikombe chini. "Wenzako wanaongeza, wewe unapunguza. Gari tangu lini likawa kitanda?"

Akavua kofia akaivaa tena, akasema, "Mke wangu mkubwa kiuno chake hakijapona tangu nilipompeleka Laela na gari lako hilo. Kila siku ananisimanga. Haya, punguza." Kisha akasema magunia nitakayoshindwa kubeba yatasubiri safari nyingine, si mayai yale kwamba yataoza.

Lakini kabla sijagusa hata nati moja nilimtafuta Kasonso, yule dereva mwingine wa Mzee Salumu. Nikamwambia aendeshe gari tupu kwenye mlima wa Muze, mimi nilale nyuma sakafuni, pale pale. Akakataa. "Huo ni uchuro, ndugu yangu. Huwezi kulala mahali pa marehemu ukajitakia mabaya." Nikamwambia asipoendesha nitamtafuta mwingine. Akaendesha huku amenuna.

Sasa najua. Nilijaribu kushika ubao wa pembeni, hauna pa kushika. Nilijilaza ubavu, nyonga ikapigwa. Nikajilaza chali, kichwa kikapigwa. Meno yaligongana mpaka nikajing'ata ulimi. Na mimi sina ugonjwa wowote. Tulipofika kwenye kona ile nikagonga bodi ili Kasonso asimame. Hakusikia. Nikagonga tena. Injini inanguruma, mawe yanapiga chini, hakusikia. Aliposimama nilikuwa nimegonga sana. Nikabaki pale sakafuni nikijiuliza mama yako aligonga mara ngapi kabla sijamsikia. Wewe unajua, kwa sababu kichwa chake kilikuwa mapajani kwako. Sikuulizi, na usiniambie, labda siku nyingine tukiwa wazee wote wawili. Nilidhani pale ndipo nitakapolia. Nilingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya, hayakuja. Nikashuka nikajipangusa vumbi.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nililipandisha gari kwenye magogo, nikafungua springi, nikayatoa mabapa yote niliyoyaongeza. Yale ya mwanzo nikayaosha kwa dizeli iliyobaki kwenye kopo, nikayasugua kutu, nikayapaka grisi katikati ili yateleze, yasilumane. Mipira ya kwenye pini za springi ilikuwa imekwisha, nikachonga mingine kwa tairi kuukuu. Shokomzoba mpya aliniletea dereva mmoja wa malori wa Tunduma, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Usiniulize zilipita njia gani, mpaka wa Zambia uko karibu na watu wana njia zao. Nilipomaliza nikakaa juu ya bampa la nyuma nikalibonyeza kwa uzito wangu wote, kisha nikaruka. Likapanda mara moja, likatulia. Kasonso akasema, "Eeh, limekuwa la kizungu." Na tako limeshuka, nakuonya, pale stendi wamekwisha anza kulicheka. Waache wacheke.

Mabapa nilimrudishia mhunzi. Aliyatupa kwenye lundo lake la vyuma vya majembe, ambako yangekwenda tangu mwanzo.

Tukaenda tena mlimani, safari hii na magunia machache ya maharage, maana gari lolote halitaki kuwa tupu kabisa. Nikalala pale pale, katikati ya magunia. Lilikuwa linashuka kwenye shimo, linapanda, linatulia. Linashuka, linapanda, linatulia. Mwanangu, nililala usingizi. Mimi ambaye tangu mazishi nakesha natazama dari, nililala kwenye ule mlima. Nilipoamka gari limezimwa, jua limesogea, na Kasonso amekaa kwenye jiwe pembeni ya barabara anavuta sigara. Akaniambia, "Umekoroma mpaka nikaogopa kukuamsha."

Hapo nilihisi kitu, cha kwanza tangu siku ya mazishi. Nilihisi hasira. Nilijichukia kwa kukoroma mahali ambapo yeye aliomba ashuke. Nilimgombeza Kasonso bure, maskini, kwamba kwa nini ameniacha nilale. Alizima sigara yake. Ilipofika jioni hasira imekwisha, ganzi imerudi mahali pake. Lakini nakuambia ili ujue kwamba baba yako bado yumo humu ndani mahali fulani, hata kama nikikuaga kesho uso wangu utakuwa mkavu. Usiusome uso wangu kesho. Soma barua hii.

Unakwenda kwa watu usiowajua, na sina busara nyingi za kukufungia kwenye kitambaa. Nina hii moja tu, na niliinunua ghali. Siku niliyokosea kuliko zote katika maisha yangu nilikuwa nasifiwa. Ulikuwepo, uliwasikia. Ukisikia watu wote wanakusifu kwa pamoja, hebu mwangalie aliyelala sakafuni, yeye anasemaje. Na mtu akikuambia kitu kinamuuma, usimweleze kwamba kitu hicho ni kizima. Mimi nilimweleza mama yako hivyo mlima mzima. Sasa ningetaka kunyamaza nimsikilize, na hakuna wa kusikiliza.

Sikulazimishi upande. Hukuamriwa na mtu kumpakata mama yako kichwa, ulifanya, na ukaona uliyoyaona. Ukiamka kesho ukasema hapana, nitalibeba sanduku lako mpaka stendi na nitakaa na wewe kusubiri hilo lori, tukae mpaka lije, au mpaka chuo kimpe mwingine nafasi yako. Sitakunung'unikia. Lakini nitaumia, au nitakuja kuumia baadaye ganzi hii ikiisha, maana mama yako alikuwa amekwisha kukuita mwalimu tangu ulipokuwa unachora herufi kwenye majivu ya jikoni.

Ukipanda, mpango ni huu. Kasonso ndiye atakayeendesha. Nimemwomba, amekubali, na Mzee Salumu amekubali. Wewe utakaa mbele, karibu naye, dirishani, na ukisema simama atasimama hapo hapo bila kukuuliza kwa nini. Mimi sitashika usukani. Nitakuwa nyuma sakafuni, mpaka Mbeya. Gari hili likitaka kumpiga mtu tena, lianze na mimi.

Ni mimi baba yako